Namna ya kupiga picha za wadudu kwa karibu, hapo hapo nyumbani kwako

Watu wengi wananiuliza ninunue kamera gani ndo nianze kupiga picha za wadudu, na mimi huwa nawarudishia swali, kwenu kuna mlimau? Kama kuna mlimau au mchungwa, au hata lantana ya uani ile Waganda wanaita kayukiyuki, basi kazi ishaanza, kamera tutaongea baadae. Mimi nakaa Walukuba hapa Jinja, kiwanja chenyewe kidogo, ukitoa tanki la maji na kamba za nguo kinabaki kipande cha kama mita 5 kwa 4, mlimau mmoja, sukuma kidogo na migomba mitatu nyuma. Kwa hicho kipande nimepiga picha miaka mitatu sasa na bado nakutana na wadudu sijawahi kuwaona. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndo mkubwa kuliko yote nitayosema hapa, chagua mti mmoja uujue. Uupitie kila siku, ujue jani gani limeliwa jana na lipi limeliwa leo. Mtu anayeujua mti wake na ana simu ya kawaida anapiga picha nzuri kuliko mwenye kamera ya mamilioni anayezunguka zunguka tu.

Saa ya kupiga. Asubuhi, asubuhi, asubuhi. Mdudu hana joto lake mwenyewe kama sisi, analipata kwa jua, sasa usiku ukiwa na baridi anaganda, asubuhi unamkuta ameshika jani hawezi kuruka, saa nyingine ana matone ya umande mgongoni na kwenye macho. Huku kwetu tuko karibu kabisa na ikweta, jua linatoka karibu saa ile ile mwaka mzima, kama saa 12 na nusu hivi, basi wewe uwe nje hio saa na uendelee mpaka saa 2. Baada ya hapo washapata joto, kereng'ende anakukimbia ukiwa bado mita tatu. Watu wa Kabale na Kapchorwa mna bahati, kwenu baridi inakaa zaidi, mnapata muda mrefu kutuzidi. Alafu misimu, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba mvua ikinyesha majani machanga yanatoka na wadudu wanajaa, usikae ndani.

Namna ya kumtafuta. Usitafute mdudu, tafuta alama zake. Jani lina tundu, jani limejikunja, kuna vinyesi vidogo vyeusi kama pilipili manga kwenye majani ya chini, basi angalia juu ya hapo, mwenyewe yupo. Sisimizi wakipanda mti kwa mstari wafuate mpaka wanapoishia. Kwa mlimau wangu waliniongoza mpaka ncha ya tawi changa, nikakuta vidukari wamejazana pale, na sisimizi anapita anampapasa kidukari mgongoni kwa papasi zake, taratibu, moja mbili tatu, kidukari anatoa tone la maji matamu kwa nyuma, linang'aa kama shanga, sisimizi analinywa. Niliona hilo kwa jicho la kamera, kwa macho ya kawaida unaona tu tawi chafu. Na ukikaa dakika kumi hapo hapo utamuona kidukari anazaa, anazaa mtoto mzima mwenye miguu, anatoka kinyumenyume, sio yai. Karibu na vidukari kuna mdudu kibibi kila wakati, yule mwekundu wa madoa, amekuja kuwala. Kwa hiyo tawi moja la sentimita kumi lina picha za wiki nzima.

Kama una simu tu

Simu inatosha kuanza, naongea hivi kwa uhakika kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wote ulikuwa simu. Nunua ile lenzi ndogo ya kubana, inauzwa maduka ya vifaa vya simu, bei sio kubwa. Angalia iwe ya kioo sio plastiki, ishike mkononi uangalie nayo maandishi ya gazeti, kama pembeni maandishi yanapinda sana na yana rangi rangi iache. Usikimbilie zile zinazoandika namba kubwa kubwa za kukuza, zinakutaka ukae karibu sana na mdudu mpaka simu yenyewe inamtia kivuli, na ataruka. Lenzi ya dayopta 10, dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, inafokasi, yaani inaona kali, kwa umbali wa sentimita 10 hivi, hesabu yake rahisi, gawa 100 kwa hio namba unapata sentimita, na hapo mdudu anakuvumilia.

Zile simu zenye kamera ndogo ya megapikseli 2 wameandika makro, yaani ya picha za karibu sana, kusema ukweli hazisaidii sana, kamera kubwa ya simu hio hio pamoja na lenzi ya kubana inaishinda. Bonyeza kwenye jicho la mdudu uendelee kushikilia mpaka ifunge fokasi, alafu shusha mwanga kidogo kwa kile kijua cha pembeni, kwa sababu simu inapenda kuangaza kupita kiasi na ngozi ya mdudu inabaki nyeupe haina kitu. Kisha usiguse tena fokasi. Wewe mwenyewe ndo usogee, mbele kidogo nyuma kidogo, huku unapiga picha mfululizo, thelathini arobaini, moja itakuwa kali.

Kama una kamera

Lenzi ya makro ya kweli ni ghali, na huihitaji mwanzoni. Njia ya bei rahisi kabisa ni kugeuza lenzi. Yaani ile lenzi ya milimita 50 ya zamani, za wale wazee wa studio waliokuwa wanapiga filamu, wengi wamezitupa kabatini na ukiongea nao vizuri wanakuuzia, unanunua pete ya kugeuzia, upande mmoja unaingia kwenye kamera na upande mwingine unajikaza kwenye mdomo wa lenzi, kwa hio soma namba kwenye mdomo wa lenzi kwanza, 49 au 52 au 58, pete lazima ilingane. Milimita 50 ikigeuzwa inakupa ukubwa kama wa 0.7, yaani ndani ya kamera mdudu anachorwa 0.7 ya ukubwa wake, nzuri kwa kuanzia, ya milimita 28 inakupa zaidi ya mara mbili. Muhimu lenzi iwe na pete yake ya kuzungusha apacha, yaani lile tundu la kupitisha mwanga, kwa sababu ikigeuzwa haiongei tena na kamera. Na ule upande wa nyuma uliokuwa umefichwa sasa uko nje kwa vumbi, uwe mpole nao.

Njia nyingine ni mirija ya kurefusha, mapete matupu hayana kioo ndani, unaweka kati ya kamera na lenzi. Mirija ya jumla milimita 50 kwa lenzi ya milimita 50 inakufikisha 1:1, maana yake mdudu wa sentimita moja anachorwa sentimita moja kamili kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Nunua yenye vidoti vya shaba vya umeme ili apacha ifanye kazi, ile ya bei ya chini kabisa isiyo na vidoti itakuchosha. Mimi ukiniambia nichague kimoja kwa mtu anayeanza nitachagua mirija.

Sasa hapa ndo wengi wanakata tamaa, kwa hio sikiliza vizuri. Ukifika 1:1 na apacha f/8 (namba ya f ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo), kile kipande cha picha kinachokuwa kali hakifiki milimita moja. Milimita moja! Ukipumua tu mdudu ashatoka kwenye fokasi. Mtu anafikiri dawa ni kufunga apacha mpaka f/22, hapana, ukifunga sana hivo picha yote inapoteza ukali, mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika. Kaa f/8 mpaka f/11. Dawa ya kweli ni jinsi unavyosimama na kamera. Mdudu akiwa ubavu, weka kamera iwe sambamba na ubavu wake wote, kichwa na mkia viwe umbali sawa na lenzi, hapo ile milimita moja inamtosha mwili mzima. Akiwa anakutazama usoni, fokasi jicho, mengine yaache yapotee. Jicho likiwa kali picha imepona, jicho likipotea hata mabawa yawe kali namna gani picha imekufa.

Zima otofokasi, ile ya kamera kujitafutia fokasi yenyewe. Weka lenzi kwa ukubwa unaotaka, alafu tikisa mwili wako mbele nyuma polepole na ubonyeze jicho likipita. Viwiko kwenye magoti au kifuani. Mimi nina soksi ya zamani nimeijaza maharage nusu, nimeifunga fundo, naiweka kwenye tofali au kwenye tawi nalaza lenzi juu yake, inashika kuliko stendi na hainisumbui kuifungua miguu. Na kama mdudu yuko kwenye jani, mkono wa kushoto unashika kikonyo cha jani, lenzi inalala juu ya mkono huo huo, sasa upepo ukija jani na lenzi vinacheza pamoja. Jaribu hio leo leo, inabadilisha kila kitu.

Mwanga

Bila mwanga wa kutosha hakuna picha ya mdudu, na jua la saa 6 mchana sio mwanga mzuri, linatia vivuli vyeusi na mng'ao mkali. Flashi ndo rafiki. Weka kamera kwa manyuali, yaani unapanga mwenyewe, shata (muda wa kupitisha mwanga) sekunde 1/160 au 1/200, apacha f/8 au f/11, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200 mpaka 400, flashi nayo manyuali kwa nguvu ya 1/16, piga ya kwanza uangalie, panda au shuka. Kwa setingi hizo mwanga wote unatoka kwa flashi, na flashi ikiwa nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi mno kuliko shata yenyewe, kwa hio hata mkono ukitetemeka kidogo mdudu anaganda kwenye picha.

Lakini flashi tupu ni mbaya, inampiga mbawakawa kwenye gamba unaona doa jeupe tu. Lazima uilainishe. Chukua jerikani nyeupe ya plastiki, ile ya lita 3 au 5, ikate upate kipande kilichopinda kama nusu ya bakuli, kitoboe lenzi ipite, kifunge kwa mpira mbele ya flashi kiwe kinamfunika mdudu kwa juu. Iwe nyeupe, narudia, sio ile ya njano tunayochotea maji, ya njano inatia unjano picha yote na kuusafisha kwenye kompyuta ni shida. Ndani yake bandika karatasi nyeupe moja ya kawaida. Na difyuza, ndo hicho kipande cha kulainisha mwanga, ikae karibu sana na mdudu, ikiwezekana sentimita tano sita, kwa sababu kwake ikiwa karibu ni kama anga lote jeupe, vivuli vinakuwa laini. Ukitaka kujua kama difyuza yako ni nzuri piga picha ya mdudu kibibi uangalie mng'ao kwenye gamba lake, ukiona kidoa kikali kidogo bado, ukiona weupe mpana unaofifia pembeni umefaulu.

Jambo lingine, mwanga wa flashi unakufa haraka, haufiki nyuma, kwa hio nyuma ya mdudu panakuwa peusi kama usiku. Wengine wanapenda, mimi hapana. Sogeza jani moja bichi au ua nyuma yake kwa sentimita tano kumi hivi na picha inapata rangi ya mchana.

Usiku na nsenene

Novemba kwa Kiganda inaitwa Musenene, ndo mwezi wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, na kama uko Masaka au popote wanapotegea hapo kwenye mabati na mataa makubwa unaweza kupata picha za ajabu. Watu wengi wanafikiri nsenene ni kijani tu, ukiwapiga kwa karibu utaona kijani, utaona kahawia, na mara chache mwenye zambarau, wote nsenene. Ila ule mwanga wa mitego ni mkali unaumiza macho, usiuangalie moja kwa moja, na omba ruhusa kwa wenyewe maana ile ni biashara yao na usiku wanafanya kazi. Nyumbani fanya hivi, tundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, washa taa nyeupe mbele yake saa 1 na nusu jioni, nondo watakuja, vunjajungu atakuja kuwala nondo, we piga tu. Sisi wa karibu na ziwa tunapata na wale visami wa ziwani wanaokuja kwa mawingu, dume wake ana papasi kama manyoya ya ndege, mpige kabla hajafa asubuhi.

Hata mbu ni picha. Akitua ukutani angalia mkao wake, Anofelesi anayeleta malaria anainua makalio juu kama amesimama kichwa chini, yule mbu mwingine, kuleksi, analala sambamba na ukuta. Piga picha alafu uingie kwenye neti.

Mambo ya kujihadhari

Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi flai haumi wala hachomi, sumu yake iko ndani ya mwili, ukimponda tu ndo inakumwagikia. Mimi nilimponda shingoni bila kujua nikiwa nimeinama kwenye shuka la taa, siku hio sikusikia kitu, kesho yake shingo ilikuwa imeungua mstari mzima kama nimemwagikiwa maji ya moto. Ukimuona kwenye ngozi mpulizie aende, osha kwa sabuni, usishike macho. Siafu nao, kabla ya kupiga magoti angalia chini. Kwa nyuki usipumue kuelekea mzinga au shimo lao, pumzi ya mtu inawakasirisha, wapige wakiwa kwenye maua ambako wana shughuli zao. Nyigu wanaojenga udongo ukutani ni wapole, wale wa kiota kama karatasi kinachoning'inia kwenye baraza wanalinda nyumba yao, kaa mbali. Kiwavi mwenye manyoya usimguse hata akiwa mzuri namna gani.

Na watu. Ukiinama kwenye ua la jirani na kamera nusu saa watu wanauliza, na wana haki. Mama mmoja jirani alisimama nyuma yangu siku moja akaniambia, "Mwanangu, umepoteza nini humo?" Nikamwambia, "Sijapoteza mama, kuna kiwavi huku kwenye mlimau." Akasema hio ni kinyesi cha ndege, nikamsogezea skrini. Banange, yule mama alikaa chini kwenye nyasi! Kiwavi mchanga wa yule kipepeo mweusi wa madoa ya njano anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, kahawia na weupe, unyevu unyevu, ndege wanampita. Akikua anageuka kijani. Na ukimgusa kidogo kwa kijiti anatoa pembe mbili za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali ya kutisha adui. Sasa hivi mama huyo ndo ananiita akiona mdudu kwenye sukuma zake.

Usimweke mdudu kwenye friji ili atulie, usimbandike gundi, usimng'oe kwenye jani lake. Wanafanya hivo watu na inaonekana kwenye picha, miguu inakaa vibaya, papasi zimelala. Ukitaka kujua jina lake iNaturalist ni ya bure, unaweka picha na watu wanakusaidia, ila kama umepiga nyumbani ficha mahali kamili kwenye setingi. Kuunganisha picha nyingi za fokasi tofauti ziwe moja, CombineZP na Hugin ni za bure kwenye kompyuta, piga kuanzia jicho urudi nyuma kidogo kidogo, picha 8 mpaka 15 zinatosha, na mdudu awe amelala kabisa. Lenzi ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, hewa yetu ina maji mengi na ukungu unaota ndani ya kioo.

Turudi kwa mlimau. Yule kipepeo mweusi wa madoa ya njano anataga yai moja moja, ya duara, njano hafifu, kwenye majani machanga, yatafute hapo. Kiwavi akishakua kijani na akaacha kula, anapanda kijiti anajifunga kiunoni kwa uzi mmoja wa hariri kama mtu aliyejifunga kamba kwenye mnazi, anageuka bundo, ile hatua ya kutulia kabla hajawa kipepeo, kijani au kahawia kufuatana na pale alipo. Weka alama ya uzi mwekundu karibu na tawi usimpoteze. Wiki mbili hivi pita kila jioni na tochi. Siku bundo likianza kuwa jeusi na ukaona madoa ya njano ya bawa kwa ndani, chaji betri zote usiku huo, difyuza iwe tayari kwenye kamera, jani la nyuma lichague kabisa, na kabla jua halijatoka uwe umekaa pale na soksi yako ya maharage. Litapasuka upande wa kichwa, atatoka mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa, atapanda juu kidogo aning'inie, na una kama saa nzima ya kumpiga wakati mabawa yanajinyoosha na kukauka. Hatoruka mpaka yakauke.